Nilipomruka Mtani Korongoni

Mama alituachia wasia mmoja tu, nao haukuwa mgumu: azikwe ubavuni mwa baba. Aliurudia mara nyingi katika ugonjwa wake wa mwisho. Mimi, mwanawe wa kwanza, niliyesoma chuoni mpaka nikaaminiwa kufundisha watoto Kurani, nilimjibu kila mara, "Inshallah, mama, nitakulaza kwa mikono yangu." Nikiikumbuka leo, ile inshallah niliitamka haraka mno.

Makaburi yetu yako ng'ambo ya korongo. Zamani kijiji chote kilikuwa huko, tangu siku za babu zetu waliokuja na misafara kutoka Unyamwezi, wakaoa na kutua hapa chini ya vilima vya Mpwapwa. Wakati wa operesheni ya vijiji tulihamishiwa upande huu, karibu na njia ya kwenda stesheni ya Gulwe. Tulihama na milango, masufuria na kuku. Wafu hatukuwahamisha. Basi kila msiba ulivuka korongo, na kwa sehemu kubwa ya mwaka kuvuka hakukuwa jambo la kufikiria. Kulikuwa mchanga mtupu, wanawake wakichimba humo visima vya maji, mbuzi wakilala kwenye kivuli cha kingo.

Mama alifariki alfajiri moja ya masika, mvua zikiwa za kubahatisha. Sanda alikuwa nayo mwenyewe. Katika miaka ya uhaba tulikuwa tukiomba kibali ofisini ili kupata kitambaa cha kumzikia mtu, na yuko jirani yetu aliyezikwa kwa shuka la kitandani kwake. Maduka yalipoanza kujaa tena, mama hakukimbilia kanga wala sukari. Alinunua bafta nyeupe, akaikunja sandukuni pamoja na karafuu maiti, akasema, "Sasa nimetulia." Namshukuru Mungu kwamba alipata utulivu huo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mgogo, mfugaji, Mkristo, rika langu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na msibani mtani ana kazi yake: kuwachekesha wafiwa, kuwatukana, kuzuia jeneza mpaka apewe kitu. Asubuhi ile alikuja amevaa kofia yangu ya kiua, ndani nje, akaketi mlangoni.

"Bibi huyu amekunywa maziwa yangu miaka ishirini," alisema kwa sauti. "Leo ananitoroka. Wapagazi ninyi, mnambeba kumpeleka wapi?"

"Nenda zako, mnuka mbuzi wee!" alijibu shangazi, machozi yakimtoka, akicheka.

Baada ya sala ya adhuhuri tulimswalia mama, tukamtoa. Wachimba kaburi wanne walikuwa wametangulia ng'ambo. Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Vilima vilikuwa vyeusi kwa mvua tangu asubuhi, lakini hilo tulikuwa tumelizoea.

Tulipofika ukingoni, tulimkuta mtani amelala chali, ameikata njia.

"Rudini," alisema. "Maji yanakuja."

Watu wakacheka. Hata mjomba, aliyekuwa hajacheka tangu alfajiri, alitabasamu.

"Mbuzi wangu wamekataa kushuka kunywa," mtani akaendelea.

"Na wewe, umekataa kushuka kunywa lini?" alisema kijana mmoja, na kicheko kikazidi.

"Mpe chake apishe," mjomba aliniambia.

Nilikuwa nimeandaa msokoto wa tumbaku kwa ajili hiyo. Nikauweka juu ya kifua chake. Hakuugusa. Akanitazama, akasema polepole, "Mwalimu, leo si utani."

Asubuhi nzima alikuwa akiniita mpagazi. Sasa aliniita mwalimu. Nililisikia hilo, na sitasema sikulisikia. Lakini nilikuwa na jeneza begani, na ahadi, na elimu yangu.

"Maiti huharakishwa," nikasema. Nikamruka.

Kwetu mtu hamruki mtu aliyelala. Watoto wanajua hivyo. Waliokuwa nyuma yangu walimzunguka.

Tulikuwa hatujafika katikati ya mchanga upepo ulipotupiga, wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa na samadi. Kisha tukasikia ngurumo. Mtu mmoja akasema ni treni ya mizigo, na kweli ilifanana. Pale kwenye kona ya juu ukatokeza ukuta wa povu la rangi ya matope, umebeba matawi na miti iliyong'oka. Tukageuza jeneza. Maji yalinifika magotini, mara kiunoni, mchanga ukayeyuka chini ya miguu yangu, na mkono wangu ukaachia mti wa jeneza.

Niliuachia. Nimejaribu kulisimulia kwa namna nyingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jeneza likainama upande wangu, na kwa kitambo kidogo niliuona upande wa sanda ya mama ukigusa maji.

Aliyelidaka alikuwa mtani. Sikumwona aliposhuka. Alitia bega lake pale lilipokuwa langu, akapiga kelele kwa Kigogo kama anayeswaga ng'ombe, na wabebaji wakapanda nalo ukingo. Mimi nilivutwa kwa kanzu. Mtani alikuwa wa mwisho kutoka, na kabla hajatoka, shina la mti lilimgonga mguu chini ya goti.

Alhamdulillahi, hakufa mtu.

Ng'ambo wachimba kaburi walisimama wakitutazama. Kaburi lilikuwa tayari. Mjomba akasema tusubiri, na tukasubiri mpaka alasiri ikapita, maji yakazidi kupanda. Kila mtu alinitazama mimi. Nilijua sheria: wasia wa mahali hauzuii maziko. Kuijua sheria ni jambo moja, na kuitamka mama yako akiwa amelala mbele yako, amelowa, ni jambo jingine.

Mtani alikuwa chini ya mgunga, mguu umefungwa vijiti. "Mlazeni shambani kwangu," alisema. "Pale juu, mwisho wa uwele. Maji hayajawahi kufika."

"Shambani kwako?" mjomba aliuliza.

"Miaka ishirini ya maziwa, mzee. Nani atamnyima mahali mgeni kama huyo?"

Hakuna aliyejua kama acheke. Tukachimba hapo. Nilishuka kaburini, nikampokea mama, nikamlaza kwa mikono yangu kama nilivyoahidi, lakini si nilipoahidi. Tulipoinua mikono kuomba dua, wale wanne ng'ambo nao waliinua. Kisha wakashika majembe na kuanza kulifukia kaburi tupu kando ya baba. Majembe yalikuwa yakipanda na kushuka, wala hatukusikia kitu ila maji.

Baadaye nilimwuliza sheikh mjini Dodoma, akaniambia sina dhambi. Naamini alisema kweli. Hata hivyo, kila vilima vinapoiva kwa giza, mkono huu wa kulia hunifa ganzi.

Mguu wa mtani uliunga vibaya. Nilipokwenda kumwomba radhi alinicheka. "Mtani haombwi radhi, mpagazi. Ila uliniruka, hukuniruka tena kurudi. Mtu akirukwa asiporukwa kurudi, hakui."

"Na umri huo ungekua mpaka wapi?"

"Ndiyo hatutajua!"

Alinidai hivyo miaka mingi, mbele za watu, akichechemea. Nami nilimjibu kwamba dini yangu haijui mambo hayo ya kurukana.

Mwaka jana alilala, akawa hainuki. Nilimkuta kwenye mkeka mlangoni, mahali anapoweza kuliona shamba na kaburi la mama mwishoni mwake.

"Nimelala, mwalimu," alisema. "Rudi."

Nilivua viatu. Nikashika nguzo ya nyumba kwa sababu ya magoti, nikapitisha mguu mmoja juu yake, kisha wa pili.

"Polepole," alisema. "Ukiniangukia watatuzika pamoja, nami sitaki majirani Wanyamwezi wawili."

Nilipotoka kwake nilisimama kwa mama, nikamsomea. Kisha nikavitazama vilima kwa muda mrefu. Vilikuwa vyeupe. Nikashuka mchangani, nikavuka kwenda kwa baba, kumpa salamu za mama.