Fébronie na Majina ya Chumba cha Kufulia

Fébronie alikuwa na miaka thelathini na tisa alipopata kazi ya kuandika programu za kompyuta, na hakumwambia mtu pale kazini kwamba ofisi kama zile aliwahi kuzipiga deki miaka saba. Alizaliwa Uvira, akapitia kambi ya wakimbizi Kigoma, akafika Stockholm mwaka 1999 na binti yake Emmanuella mgongoni. Baada ya ndoo na fagio alikwenda shule ya watu wazima, akasoma kompyuta, na mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni moja ndogo ya Liljeholmen ikamchukua kwa majaribio ya miezi sita.

Kampuni ilitengeneza programu ya zamu za kufua. Katika majengo ya kupanga ya mji ule, hata kwake Alby, wapangaji wote hufulia chumba kimoja chini ya jengo. Kila mtu hujiandikisha siku na saa yake, na anayeingia kwenye saa ya mwenzake amejitafutia ugomvi wa mwaka mzima. Mlangoni pana skrini ndogo inayoonyesha jina la mwenye zamu.

Mwezi wa tatu bosi wao, Agneta, alimpa Fébronie kazi ya kuhamisha majina ya wapangaji kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Aliyahamisha Jumatatu. Jumanne asubuhi simu zikaanza kulia. Mzee mmoja aitwaye Sjöberg alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake la nguo, akaona jina lisilo lake: pale penye ö pamekaa alama mbili za ajabu ambazo hata kutamkika hazitamkiki. Kumbe kila jina lenye å, ä au ö lilikuwa limepasuka vivyo hivyo. Wengine walidhani zamu zao zimeporwa, wakaingia kwa nguvu.

Agneta hakufoka. Alisema tu kwamba ingekuwa vizuri jambo hilo likiisha mapema, akarudi mezani kwake. Fébronie akabaki hajui kama ile ilikuwa hasira au upole.

Ofisini walikuwa watu sita, kila mmoja na vipokea sauti masikioni. Aliona haya kuuliza, maana majaribio yake yalikuwa bado hayajaisha. Aliyejua zaidi ya wote alikuwa Ludovick, Mhaya wa Bukoba, aliyekuja Uswidi miaka ya themanini kama mwanafunzi wa ufundi na sasa anakaa Rågsved. Lakini huyo ndiye aliyemtatiza kuliko wote. Siku yake ya kwanza kazini Fébronie alimwamkia kwa Kiswahili; Ludovick akamjibu kwa Kiswidi kwamba karibu sana, kisha akageukia kompyuta yake. Tangu hapo ni Kiswidi kitupu. Fébronie aliamua moyoni kwamba Mtanzania yule anakidharau Kiswahili chake cha Kongo.

Basi akauliza mtandaoni. Kulikuwa na jukwaa ambako waandishi wa programu wa dunia nzima huulizana na kujibizana bure, watu wasiojuana hata sura. Alijiandikisha kwa jina la lengalenga, mboga ya kwao, akaeleza shida yake kwa Kiingereza, akabadilisha kila jina ili kampuni isijulikane. Alifanya hivyo kwa woga, kwa sababu katika mkutano wa mwezi wa kwanza Ludovick mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mambo ya kazini yasipelekwe mtandaoni.

Kabla ya saa kwisha alikuwa na majibu matatu. Wa kwanza alimpa dawa. Wa pili akasema dawa ya wa kwanza ni sumu. Wa tatu hakujibu lolote, aliuliza tu kwa nini mtu mzima bado anatumia vyombo vya kizamani kiasi hicho. Fébronie akafuata la kwanza. Alama mbili zikawa nne. Sasa Sjöberg alikuwa na jina refu kama sala.

Jumatano akaingia mtu aliyejiita granit57. Huyu hakutoa dawa, alimuuliza maswali. Je, umetazama kilichohifadhiwa ndani, au unatazama skrini tu? Skrini, aliandika, inakuonyesha inavyodhani. Akamwelekeza namna ya kuzitazama zile tarakimu ambazo kompyuta huhifadhi badala ya herufi, akamwomba ampe tarakimu za jina moja tu. Waliandikiana hivyo hadi alasiri, na siku ya pili yake. Polepole Fébronie akaanza kuona. Majina yalikuwa yamekwisha kugeuzwa kwenye mtindo mpya wa kuhifadhi herufi kabla hajayagusa, naye akayageuza tena kana kwamba ni ya zamani. Na ile dawa ya Jumanne ilikuwa kuyageuza mara ya tatu.

Kisha, mwisho wa ujumbe wa Alhamisi, granit57 akaandika: usisahau jedwali la watunza majengo, nalo lina majina.

Fébronie alisoma sentensi hiyo, akarudi kwenye swali lake, akalisoma mara nne. Hakuwa ameandika popote habari za watunza majengo. Hata kwamba shida inahusu majengo hakusema. Huyu ni nani? Ameingia kwenye kompyuta zao? Au amekaa humu humu ndani?

Akainua macho. Watu watano, wote wanachapa. Akatuma swali kwa makusudi ili aone nani atatingishika. Hakuna aliyetingishika, na jibu likaja. Ijumaa Ludovick alichukua likizo, na granit57 hakujibu siku nzima. Jumatatu wakarudi wote wawili. Hapo badala ya kuelewa, alizidi kuchanganyikiwa. Mtu anayekataza mambo ya kazini yasitoke ndiye anayeyajibu huko nje? Na mtu asiyetaka hata kumsalimia ndiye aliyekaa naye siku mbili kwa subira ya mwalimu wa watoto?

Aliporudisha nakala ya akiba ya majina na kurekebisha majedwali yote mawili, na majina yakakaa sawa, alimfuata Ludovick jikoni wakati wa kahawa. Alimuuliza kwa Kiswidi, kwa kuzungukazunguka, kama huwa anaandika kwenye jukwaa fulani.

Ludovick alifunga mashine ya kuoshea vyombo. "Dada Fébronie," alisema kwa Kiswahili, "lengalenga si neno la Kiswidi."

Fébronie likamtoka la moyoni. "Sasa mbona hukuniambia, papa Ludovick? Meza yako iko karibu hivi."

"Uliuliza kule, tena kwa kujificha. Ningekuja mezani kwako ungejua umeonekana." Akapangusa meza. "Na lile swali ulilificha vizuri. Hakuna mwingine angelitambua."

Akamweleza na la Kiswahili. Kwenye kazi yake ya zamani alikuwa na mwenzake, Khamis, wa Tanga. Walizoea kuongea lugha yao, mpaka wakaitwa na kuambiwa kwamba wenzao wanahisi wanasengenywa. Khamis aliacha kazi. Tangu hapo Ludovick hafungui Kiswahili ndani ya ofisi, kwa yeyote; siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Fébronie aliuliza kama basi hakuwa akimdharau. Ludovick alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halijawahi kumpitia akilini.

Mwezi wa tano Agneta alimpa kazi ya kudumu. Katika mkutano Ludovick alisema, kwa Kiswidi, kwamba Fébronie aliitatua ile shida peke yake. Fébronie hakujua kama amesifiwa au amefichwa.

Kesho yake na siku zilizofuata waliamkiana kwa Kiswidi kama zamani. Lakini jioni, wakivuka mlango wa jengo, hubadilika. Kutoka pale hadi kituo cha treni ni dakika tano. Huzitumia kwa Kiswahili, Fébronie cha Uvira na mwenzake cha Bukoba, wakisimamishana kila mara kuulizana neno hili kwenu lina maana gani. Kisha Ludovick hupanda treni ya kuelekea Slussen, akabadilishe huko ya Rågsved, naye Fébronie hupanda ya Alby.