Misi Wini na Dua ya Kiswere

Sababu ya kuondoka Lindi ilikuwa mtoto. Mvuvi mmoja wa Kiswere aliyeleta samaki wakavu sokoni alifika misheni akasema binti yake mdogo, Somoe, ana jipu pajani, homa haishuki, na sasa hata kula hali. Misi Wini, yule mwanamke wa Kiingereza ninayempikia na kumchemshia vyombo vya dawa, alifunga mkoba wake palepale. "Felista, tunakwenda." Nawaandikia ninyi wa nyumbani kama nilivyoyaona. Shule yangu ni ndogo, mnajua. Nikikosea, msiniwekee moyoni.

Alfajiri tulipanda lori la shamba la mkonge, mvuvi akiwa nasi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ghuba, na mji ukabaki nyuma kama kitu nilichokiota. Misi Wini alifumba macho. Nilidhani amesinzia, kumbe midomo inakwenda. Ndivyo alivyo. Tangu nimfahamu hajamgusa mgonjwa bila kwanza kumwekea mkono kichwani na kusema kwa sauti, "Bwana Yesu, mkono huu ni wako." Mgonjwa awe nani, awe wa dini gani.

Kitomanga lori lilituacha. Mikorosho ilikuwa na maua, na harufu yake ilinilegeza hata nikasahau miguu inauma. Wanawake waliokuwa wakitwanga muhogo waliziona soksi za Misi Wini.

"Dada, mwenzako mbona ana ngozi mbili?"

"Ni soksi, mama."

"Na humo ndani yumo mtu?"

Misi Wini akavua kiatu, akashusha soksi, akawaonyesha kidole gumba. Walicheka mpaka wakaacha michi, kisha wakatupa muhogo wa kuchoma na mahali pa kulala.

Kiswere tulifika kesho yake, mvuvi akituongoza, maji ya bahari yamekupwa. Pwani ilikuwa tupu na nyeupe, na waliokuwa wakiokota chaza kule mbali walionekana kama wanatembea mawinguni. Mlangoni alisimama bibi yake Somoe, Bi Mwanahawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatupa maji ya kunywa. Kisha akasema bila kuzunguka:

"Mtibu. Lakini usimwombee kwa dini yenu. Mtoto wa dada yangu alitibiwa bara, akasomewa maneno, alipopona wakasema ni wa kwao, wakampa jina jingine. Huyu ni Somoe, atabaki Somoe."

Kama ilikuwa kweli sijui. Lakini haki yake niiseme: mambo ya namna hiyo hata mimi nimeyasikia, na hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

Misi Wini alimtazama mtoto aliyekuwa akitetemeka juu ya mkeka. Akasema maji yachemshwe, akatoka mwenyewe kwenda kwenye mikoko. Nikamfuata.

"Misi, ukimwombea moyoni, Mungu hasikii?"

"Anasikia. Lakini nilipoondoka kwetu nilimwahidi sitamficha mbele ya mtu yeyote. Bila yeye mkono wangu ni nyama tu, Felista."

Nilimwonea huruma, nikamwonea na mtoto, na huruma mbili zikanigonga kifuani. Maji yalikuwa yanarudi polepole, yakiingia katikati ya mizizi bila sauti, nasi tumekaa tu.

Bi Mwanahawa akaja mwenyewe, kanga imefungwa kiunoni.

"Wewe mzungu! Maji yamechemka, mtoto analia. Unakuja, au umekuja kutuhesabia kaa?"

Misi Wini akasimama. "Nitakuja. Lakini siwezi kukata bila mtoto kuombewa. Basi omba wewe."

Bi Mwanahawa akaifungua kanga kiunoni, akajitanda kichwani, akasema, "Haya."

Ndani, alifungua viganja akaomba dua kwa Kiarabu, ndefu, sauti yake ikipanda na kushuka mpaka chumba kikawa kama kinaelea. Misi Wini aliinamisha kichwa, kisu mkononi. Dua ilipokwisha tuliitikia "Amina" sote, na ya Misi Wini niliisikia, yenye lafudhi ile ya kwao. Kisha akakata.

Usaha ulitoka mwingi. Somoe akapiga kelele, "Bibi, niondolee jini jeupe hili!" Bi Mwanahawa akamshika miguu akisema, "Tukana, mwanangu, tukana, ila usijitikise."

Tulikaa mpaka homa ikashuka na mtoto akaomba uji. Siku ya kuondoka Bi Mwanahawa alimpa Misi Wini pweza mkavu, akamwuliza, "Mama yako yuko hai?"

"Amefariki."

"Jina lake?"

"Martha."

"Ijumaa nitamtaja."

Njiani kurudi, tulipoikaribia Lindi, Misi Wini akasema, "Sijui kama nimemficha Bwana." Nikamwambia hata mimi sijui. Ningeweza kumfariji kwa uongo, lakini asingeupokea.

Jumapili, wakati wa kuwataja wagonjwa kanisani, alisimama. "Mwombeeni Somoe wa Kiswere. Na bibi yake Mwanahawa, aliyeomba nilipozuiwa, nami nikaitikia." Padri akakohoa. Watu wakageuka kumtazama, naye akabaki amesimama, uso umemwiva, mpaka padri akaomba kwa majina yote mawili. Nilichojifunza sijui kukiandika vizuri. Najua tu kwamba siku ile hakumficha mtu: si Bwana wake, si Bi Mwanahawa.