Akeyo Aliyesafisha Kisima Namba Nne

Ulimi wa Akeyo ulikuwa mkali kuliko dawa ya choo, na dawa ya choo aliijua vizuri. Miaka kumi na mmoja alifagia depo ya mafuta kwenye eneo la viwanda, Nakuru, na hakuna dereva wa lori aliyetema mate kwenye sakafu yake akaondoka bila kuulizwa kama kwao pia wanatema mate sebuleni.

Baba yake alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu, wenzake walinunua redio na suti, yeye akanunua kipande cha shamba upande wa ziwa, akachimba kisima kwa mikono yake, futi arobaini, akakizungushia mawe. Depo ilikuja baadaye, ikajenga ukuta wake hapo juu. Akeyo aliyanywa maji ya kisima hicho tangu akiwa darasa la pili, akayafulia, akamwagilia sukuma wiki, na jirani yake Jepleting alichota bila kuomba.

Halafu maji yakaanza kunuka mafuta taa.

“Jepleting,” Akeyo akasema asubuhi moja, mikono kiunoni, “hiyo ndoo yako ya stovu usiilete tena kisimani kwa baba yangu.”

“Stovu gani, mama? Mimi napika na kuni kama nyanya yangu. Nusa ya kwako kwanza.”

Akeyo akanusa ya kwake. Kisha akanusa ya Jepleting. Wakatazamana, kisha wote wawili wakageuka kutazama ukuta wa depo.

Walikwenda kwa chifu, wao na majirani kutoka nyumba kumi na moja. Walichotaka ni kitu kimoja: kampuni ikubali kwamba matangi yake yanavuja, iwaletee maji ya bomba. Chifu akasema depo hupima maji ya ardhini kila miezi mitatu, basi wangoje karatasi za vipimo. Baraza likaitishwa Alhamisi.

Ndani ya depo kulikuwa na mabomba sita ya chuma yaliyozamishwa ardhini, kila moja na kifuniko na namba yake. Hivyo ndivyo visima vya kupimia. Mafuta yakivuja, yataonekana humo kabla hayajafika kwa watu. Namba nne kilikuwa chini kabisa ya mteremko, kwenye ukuta unaotazama nyumbani kwa Akeyo. Aliyepima alikuwa Gedion, mtu wa maabara, mpole, mwenye haraka siku zote.

Siku ya baraza Gedion alisimama akasoma. Kisima namba nne, miaka mitatu: hakuna mafuta.

Akeyo aliruka kutoka kwenye kiti. “Bosi, hiyo pua yako umepewa ya kupumulia tu, ama pia inanusa?”

Watu wakacheka. Hata chifu akainamisha kichwa.

“Mathe, mimi sipimi na pua,” Gedion akasema. “Mafuta yangeingia kwenye namba nne yangeelea pale juu, kama kwenye mchuzi. Ningeyaona. Sijawahi kuyaona hata siku moja.”

Akeyo akakaa chini polepole. Yeye alikuwa ameyaona. Kila mara.

Siku moja kabla ya kupimwa, msimamizi Ogada humwambia, “Akeyo, kesho tuna wageni, kuwe safi.” Na Akeyo amelelewa katika nyumba ambayo mgeni hakuti masizi hata kwenye kitako cha sufuria. Funguo za vifuniko zilikuwa kwenye shada moja na za vyoo. Alifunua, akamulika na tochi, akaona mafuta yanang’aa juu ya maji ya namba nne. Uchafu. Akafunga sweta kuukuu kwenye kamba, akaweka jiwe ndani, akateremsha, akavuta, akakamua kwenye ndoo. Mara tano, mara sita, mpaka sweta likapanda na maji matupu. Kisha akasuuza kwa jerikeni mbili za maji safi ya mfereji. Miaka mitatu alifanya hivyo. Ogada alipita mara moja, akatazama ile ndoo nyeusi, akasema, “Wewe ndiye mfanyakazi.” Krismasi akampa unga kilo mbili. Akeyo alijisifu kanisani.

Pale barazani angeweza kunyamaza. Ogada alikuwa pale mbele, miguu ameinyoosha, anamtazama. Akeyo akasimama, akasema yote, hata sweta lilikuwa la rangi gani.

“Huyu mama ana uchungu, anatunga,” Ogada akasema. “Nani alimtuma?”

“Hukunituma. Uliangalia tu.”

Gedion alikunja karatasi zake. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Mimi nilitakiwa kutoa maji ya kwanza niyamwage, ningoje mapya yaingie ndipo nipime. Lakini nilikuwa na kazi nyingine Naivasha siku hizo hizo.”

Barua ya kampuni ilikuja baada ya wiki mbili. Mfanyakazi alichezea visima bila ruhusa, vipimo vyote vya miaka mitatu vimefutwa, upimaji utaanza upya, na habari ya maji ya bomba itazungumzwa baada ya miaka miwili. Akeyo alifutwa kazi. Ogada alihamishiwa ofisi nyingine, yenye zulia.

“Miaka mitatu,” Jepleting alimwambia kwenye ua. “Sisi tunakunywa, wewe unawafutia watu wa depo.” Tangu siku hiyo hakumsalimia.

Gedion alirudi mwezi uliofuata kupima kisima cha marehemu baba yake Akeyo, kwa kuwa sasa kiliandikishwa kuwa kituo cha saba. Akeyo alisikia geti, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshika kitambaa, anaelekea kufuta ukingo wa mawe. Akasimama njiani. Akakitupa kile kitambaa kwenye jivu.

Safari hii Gedion hakuwa na haraka. Alichota, akamwaga kwenye pipa, akangoja, akachota tena. Kisha akateremsha mrija wake wa plastiki unaopitisha mwanga. Ulipopanda, juu ya maji kulikuwa na kitu cha rangi ya chai ya rangi, unene wa kidole. Akaandika. Akapigilia kibati chenye namba saba kwenye jiwe ambalo baba yake Akeyo alikuwa amechonga jina lake.

“Mathe, haya sasa ni ya kupima tu. Hata ng’ombe msimpe.”

“Andika vizuri,” Akeyo akasema. “Na funga mwenyewe. Mimi siwezi kugusa.”

Akachukua jerikeni mbili akatoka kwenda kupanga foleni ya mfereji wa umma juu barabarani. Jepleting naye alikuwa anatoka na zake. Wakapanda kile kilima, mmoja mbele, mwingine nyuma.