Siku Bimu Iliponepa Rudewa

Msinicheke mapema, maana hapa nitajicheka mwenyewe kabla yenu. Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ufundi juzi tu, nikapewa kujenga ghala la kijiji kule Rudewa, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Sefu, baba yake Zuhura, binti niliyetaka kumwoa, na mzee huyo nilikuwa nimeshampelekea posa na jibu akalikalia (eti aone kwanza ghala linasimamaje).

Basi mimi, ili ghala lipendeze machoni pa mkwe, bimu ya zege juu ya mlango mpana wa kupitishia trekta nikaichora nyembamba, nikapiga hesabu za kuvunjika tu, nikaona nondo zinatosha, sikujiuliza ikibebeshwa mzigo itanepa, yaani itapinda katikati, kiasi gani, na mlango nikaupachika chini yake bila kuacha hata upenyo wa kupitisha kisu.

Siku ya uzinduzi kwaya ya akina mama ilifungiwa ndani ili itoke ikiimba, na wapiga ngoma wakapandishwa kwenye roshani iliyobebwa na bimu ile. Mgeni rasmi kutoka wilayani akakata utepe, akasukuma mlango, wapi. Akina mama ndani wakaanza kuimba, wimbo ukaisha, wakaurudia. Watu kuona kuna jambo, wakapanda roshani nao wachungulie, na kadiri walivyopanda ndivyo bimu ilivyozidi kuukalia mlango.

“Ndugu fundi, huu unafunguka kwa nje au kwa ndani?” mgeni akaniuliza kwa upole (upole ule unaotisha).

“Kwa ndani, ndugu mgeni rasmi.”

Akaegemeza bega lake lote. Hapo ndipo akili iliponirudia, nikapaza sauti watu washuke roshani, wakashuka kwa mkupuo, bimu ikajinyanyua, na mgeni rasmi akaingia ghalani mzima mzima na kumwangukia mama kiongozi wa kwaya, ambaye (Mungu ambariki) hakuacha kuimba.

Jioni nikaenda kwa Mzee Sefu nikiwa nimenywea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Nikajitetea kwamba bimu haikuvunjika.

“Kweli, haikuvunjika,” akasema, nami nikajua Zuhura nimeshamkosa. “Basi hiyo nyumba utakayomjengea binti yangu, milangoni weka mapazia.”

Nikamwoa. Na tangu siku hiyo sijachora bimu bila kuhesabu itanepa kiasi gani, hata ya banda la kuku.