Mama Mabango na Neno Lazima

Mtaa mzima ulikuwa unamtii Mama Mabango, na wengi wao hata salamu hawakumpa. Dereva aliyepunguza mwendo mbele ya shule, mgonjwa aliyezima simu mlangoni mwa zahanati, bwana aliyebanwa akauzunguka ukuta wote bila kuthubutu kujisaidia, wote hao walikuwa wakifuata mkono wake. Yeye ndiye aliyeandika vibao vya mtaa ule: usiegeshe hapa, marufuku kutupa taka, ni lazima kuvua viatu. Mtu angedhani mwenye amri nyingi namna hiyo ana jeshi nyumbani. Nyumbani alikuwa peke yake, na makopo ya rangi.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma kilikuwa cha kulala, na harufu ya tapentaini haikujua mpaka wa vyumba hivyo. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kama angeanza na herufi ya kwanza kama watu wengine, kiganja kingepita juu ya rangi mbichi na kuiburura yote. Kwa hiyo alilipima neno kwa chaki, kisha akalipaka rangi kuanzia mwisho, akirudi taratibu kuelekea mwanzo. Wapita njia walisimama kubahatisha.

"Mama Mabango, leo unaandika matusi gani?"

"Subiri nifike mwanzo, utajua kama ni yako."

Wakacheka, wakaenda zao. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake, siku nyingine hayakuja mengine.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyeoa na kuhamia mbali. Jumapili moja kijana akapiga simu, sauti inamtetemeka kwa furaha. "Mama! Umepata mjukuu wa kike!"

Mama Mabango akaketi juu ya kopo. "Alhamdulillahi! Na mama yake mzima? Haya, nije lini?"

"Mzima kabisa. Lakini mama, si lazima uje. Safari ndefu, na wewe una kazi zako. Ukijisikia tu."

"Haya, baba," akasema. "Hongereni sana."

Simu ilipokatika, yale maneno yakamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Si lazima. Aliyageuza upande huu, akayageuza upande ule. Mtu anayetakiwa haambiwi hivyo, aliwaza. Nani ameiambia chumvi kwamba si lazima iingie kwenye mchuzi? Usiku ule alipika chakula cha mtu mmoja kama kawaida, akakiona kingi. Wiki ikapita, na nyingine ikaifuata. Kijana alituma picha ya mtoto, amefungwa nguo mpaka puani kama mzigo wa posta. Aliitazama hadi kioo cha simu kikazima chenyewe, lakini hakuuliza tena kuhusu safari. Hata uso wa kizee una haya zake.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mkalimani aliyestaafu mahakamani, mzee wa miwani mizito, ambaye sasa alikuwa akiwasomea watu barua zao za lugha za kigeni. Asubuhi moja aliingia na ubao chini ya kwapa.

"Jirani yangu, niandikie: Ni lazima kubisha hodi. Watu wananiingilia kama kuku."

"Hata wewe umeingia bila hodi."

"Mimi ndiye mwenye kibao, kibao hakinihusu!"

Mama Mabango akapiga mstari wa chaki, akapima, akaanza na mwisho. Mkalimani hakuondoka. Alisimama nyuma yake akiangalia maneno yakija kinyumenyume, na alipoona neno lazima linaanza kuchomoza kutoka kulia, akachekea puani.

"Unaliandika kwa njia liliyojia. Hilo neno ni la Kiarabu, na wenyewe wanaandika kutoka kulia hivyo hivyo."

"Waarabu ndio walioleta amri?" akauliza bila kugeuka.

"Amri nayo yao, lakini hiyo ni nyingine. Hili kwao shina lake ni kushikamana. Kukaa na kitu usibanduke. Mtu asiyemwacha mwenzake, anayemwandama kila aendako, wanamwita kwa neno lililozaliwa na hilo hilo. Baadaye ndiyo likawa la mambo yasiyoepukika. Jambo limekushika, huwezi kulikwepa, basi ni lazima."

Brashi ikasimama hewani. Tone la rangi nyekundu likadondoka juu ya kiatu chake, asiliangalie.

"Kushikamana," akasema.

"Kama kupe. Vipi, nimekosea?"

"Hujakosea. Nenda, kibao njoo uchukue kesho."

Mkalimani alipotoka, Mama Mabango akampigia mwanawe simu mwenyewe. Hakujipa nafasi ya kufikiri, maana angefikiri angeacha.

"Baba, nikuulize, na usinifiche. Wewe unataka nije au hutaki?"

"Mama, kwa nini unauliza hivyo?"

"Uliniambia si lazima."

"Nilikuwa nakupumzisha!" Kijana akashusha pumzi. "Mama, unaikumbuka nyumba yetu? Kwenye beseni umeandika lazima kunawa. Mlangoni lazima kufunga. Juu ya kitanda changu lazima kusoma. Wenzangu walikuwa wakisema nyumba yetu kituo cha polisi. Nikajiapiza, nikiwa na kwangu, neno hilo halitaingia. Simlazimishi mtu. Hata wewe. Hasa wewe."

"Kwa hiyo ulikuwa unanitendea wema?"

"Nilidhani."

"Wema wako umenikondesha."

Kijana akacheka kidogo, mama hakucheka naye.

"Baba yako alipokufa," Mama Mabango akasema polepole, "nilikuwa natoka jua halijachomoza, narudi limezama. Ulikuwa na miaka saba. Ningekuachia nani? Nilikuachia ukuta. Kila nilipotaka kuwepo na sikuwepo, niliandika. Mimi sikujua kama unasoma amri."

Nyuma ya kijana mtoto alianza kulia, mara akilegeza, mara akikaza.

"Mama," kijana akasema, "siwezi kulisema hilo neno. Ulimi unakataa. Lakini mwenye nyumba ni huyu hapa, tangu juzi hakuna aliyelala. Ngoja nikupe, muulize mwenyewe."

Kilio kikaja karibu, kikamjaa sikioni. Mama Mabango hakubembeleza. Alisikiliza tu, hadi salio lilipokwisha, na hata kimya kilipoingia hakuiondoa simu. Chumba kilikuwa kile kile, na makopo yale yale.

Kisha akainuka kutafuta begi. Hakuwa amesafiri miaka mingi, na alipolivuta kutoka chini ya kitanda alilikuta limejaa brashi zilizokauka na makopo matupu. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kuyatoa moja moja.