Bernardo Aliyejua Kuanguka

Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, nyumbani kwangu hapa Keza, hazungumzi mtu. Kuna mieleka. Mwenye shida aje Jumapili. Mwanangu Leonidas alituletea televisheni pamoja na sola yake, na tangu siku hiyo nimekosa kipindi mara moja tu, Jumamosi ile tuliyomzika baba yake.

Mkwe wangu Deodata, mke wa Leonidas, hunicheka. "Mama, hao wanapatana. Wanaambiwa mapema nani ataanguka." Anadhani ameniletea habari mpya. Ebo! Mimi Domisiana nimeishi na mtu wa namna hiyo miaka arobaini na mmoja, nimempikia na kumfulia shati lenye vumbi mgongoni. Kupatana kwao hakunisumbui. Ninachochukia ni watu kudhani kwamba aliyepatana haumii.

Huyo mtu wangu alikuwa Bernardo, mfyatua matofali. Mrefu, mikono mipana, maneno machache. Nusu ya nyumba za tofali mnazoziona kuanzia hapa hadi kanisani, tope lake lilikanyagwa na miguu yake. Tukitazama mieleka, mimi nilikuwa nikimpigia kelele anayeshinda, na yeye macho yake yalikuwa kwa anayeshindwa. "Mtazame huyu wa chini, Mama Leonidas," angeniambia. "Ndiye anayefanya kazi." Nami namjibu, "Niache bwana, mimi sishangilii mtu aliyelala."

Nianze kule nyuma, la sivyo hamtaelewa.

Tulihamishwa mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji. Sisi tulitoka Kirushya, tukaacha migomba ya baba ikiwa na mikungu, tukapangwa huku kwenye mistari ya nyumba za nyasi, nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Siku za wiki tulilima shamba la kijiji. Televisheni hakuna aliyewahi hata kuiota. Redio ilikuwa moja, ya mwenyekiti, na betri zake zilianikwa juani siku nyingi kuliko zilizofanya kazi.

Starehe yetu ilikuwa Jumapili. Baada ya misa, Mwalimu Celestini alichukua filimbi yake ya shule, vijana wakamwaga nyasi kavu mbele ya ghala la kijiji, na mieleka ikaanza. Sheria ilikuwa moja: mabega yote mawili yakigusa nyasi, umekwisha. Wanapambana wadogo, wanapambana wa makamo, na mwisho wa yote, kila Jumapili, wanaingia wawili tuliokuwa tunawasubiri tangu Jumatatu. Kaka yangu Ansbert na Bernardo.

Ansbert alikuwa mtoto wa pekee wa kiume kwa mama yetu. Utotoni kifua kilikuwa kikimbana hadi anabadilika rangi, na mama alikesha naye miaka mingi. Kwa hiyo mama alipomwona mwanawe yuleyule anamwinua Bernardo na kumbwaga chini, alilia kwa furaha waziwazi mbele za watu. Alisema Mungu amemponya. Sote tuliamini amepona.

Na mimi je? Yesu na Maria, mimi nilikuwa na sauti! Waliniita Redio. Nilisimama mbele kabisa, kitenge nimekifunga kiunoni, na filimbi ikilia tu naanza: "Mgongo chini, Bernardo! Mgongo chini!" Uwanja mzima unanifuata. Alipokuja kuniposa sikuacha. Tulipofunga ndoa, mwaka sabini na saba, sikuacha. Mume wangu anabwagwa na mimi nampigia vigelegele aliyembwaga. Wanawake wenzangu waliniuliza, "Huoni aibu?" Nikawaambia mume nitapata mwingine, kaka sipati. Ulikuwa utani, lakini niliusema, na Bernardo alikuwa karibu akijipangusa nyasi. Nyumbani aliniambia neno moja tu: "Leo umepiga kelele vizuri."

Mieleka yao ilikuwa mifupi. Hilo nililiona, kama walivyoliona wote, na tukalisifia. Wanakumbatiana, wanazunguka mara tatu, mara nne, halafu Bernardo huyo, chini. Tukasema Ansbert hana muda wa kupoteza.

Halafu vikaja vita. Mwezi wa kumi na moja, sabini na nane, watu wamejazana kwa mwenyekiti kusikiliza redio, na sabuni haionekani dukani, na kila gari linalopita linaulizwa linaelekea wapi. Siku moja gari la wilaya likaja na mshauri wa mgambo, bwana mmoja mwenye sauti iliyokauka. Kijiji kilitakiwa kutoa vijana wanane wenye nguvu. Saba walikwishapatikana, wamekaa kwenye gari na mabegi yao. Akasimama mbele ya ghala, palepale petu pa mieleka, akauliza, "Nani hapa ana nguvu kuliko wote?"

Mwenyekiti wetu, Mzee Bartholomayo, hata hakufikiri. Akamwonyesha Ansbert. Mama alikuwa pembeni yangu. Nilihisi mkono wake umenishika, lakini kichwa chake kilikuwa juu, na changu pia. Kaka yangu amechaguliwa mbele ya kijiji kizima. Ndivyo tulivyokuwa wajinga.

Bernardo akajitokeza. "Niandikeni mimi," akasema. "Mimi ndiye ninayemzidi nguvu."

Kicheko kilichozuka pale, loo! Hata wale waliokuwa kwenye gari walicheka. Nami nilicheka, tena sana. Mshauri wa mgambo akauliza kuna nini, akaelezwa kwamba huyu huangushwa na yule kila Jumapili. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi mshikane hapa. Atakayeshinda anapanda gari."

Hakukuwa na nyasi siku hiyo. Mwalimu Celestini akapuliza filimbi, wakashikana juu ya udongo mtupu. Wakazunguka. Mara tatu, mara nne. Nikamwona Ansbert anasema kitu sikioni mwa Bernardo. Nikangoja Bernardo aende chini. Hakwenda. Wakazunguka tena, Ansbert akasema tena, na safari hii uso wake ulikuwa umebadilika. Halafu Bernardo akamwinua kaka yangu kama anavyoinua tofali bichi, akamlaza chini taratibu kabisa, mabega yote mawili, bila kumuumiza.

Kimya. Watu mia tatu na hakuna aliyekohoa.

Mimi ndiye niliyekivunja kimya kile. Nisikilizeni, maana neno hili nimelificha maisha yangu yote. Ansbert alikuwa hajawahi kulazwa chini, na kulazwa kwenyewe ndiyo huko kwa taratibu, kama mtu aliyekubali. Nikaona aibu iliyonipanda hadi masikioni, nikafungua mdomo wangu ule wa Jumapili: "Amejilegeza! Anaogopa vita! Ansbert amejilegeza!"

Uwanja ukanifuata kama ulivyozoea. "Amejilegeza! Amejilegeza!" Wengine wakazomea. Wengine wakapiga miluzi.

Ansbert akainuka, vumbi limejaa mgongoni, pumzi zinamwenda mbio. Bernardo akamshika mkono, akawa anapiga kelele kwamba ameshinda kwa haki, kwamba jina ni lake, na hakuna aliyemsikia. Kaka yangu akaunyang'anya mkono wake. "Mimi siogopi," akasema. Akachukua shati lake, akalivaa nje ndani, akapanda gari. Mshauri wa mgambo akaandika jina lake. Gari likaondoka mchana uleule, na sikumwona tena.

Taarifa ilikuja mwezi wa nne, mvua inanyesha. Aliyeileta alilitaja jina la mahali alikofia mara mbili, na mara zote tofauti. Ansbert hakupigwa risasi. Walikuwa wanatembea kwa miguu kwenye mvua, siku ya tatu, kifua kikambana, akakaa kando ya njia. Walipomrudia alikuwa amekwisha. Wakamzika kulekule.

Mama hakulia kama wengine wanavyolia. Alikwenda moja kwa moja alikokaa Bernardo, akamnyooshea kidole mbele ya waombolezaji. "Wewe ndiye uliyemtupa mwanangu. Miaka yote ulikuwa chini, ukangoja siku ile ndiyo umwaibishe. Wewe ndiye uliyempandisha gari." Watu wote wakamtazama Bernardo. Bernardo akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mama."

Na mimi niliyepiga kelele nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Nikanyamaza. Redio ikazimika.

Mama aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo. Bernardo alimwezekea nyumba. Alimfyatulia matofali ya jiko. Kisima kilipokauka alimchotea maji bondeni kabla hajaenda kazini. Na kila alipofika alivua kofia, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, mama." Mama hakumwitikia. Si siku moja, si mara moja, miaka kumi na tisa. Anageuza uso, anaendelea kuchambua maharage. Bernardo anasubiri kidogo, anavaa kofia, anatua ndoo. Nami nasimama palepale, nasikia shikamoo ya mume wangu inakaa hewani, na neno moja langu lingetosha. Sikulisema. Nilimwogopa mama. Na nilimwogopa Bernardo zaidi, kwamba akijua ni mimi, ataniacha. Mama alikufa mwaka tisini na nane bila kumwitikia.

Sasa rudini kwenye televisheni. Ilikuwa Jumamosi, mwaka ule ambao Bernardo alianza kuugua miguu. Wawili wamekumbatiana ulingoni, jasho tupu, mmoja mnene, mmoja mwenye nywele ndefu. Bernardo akanyoosha kidole. "Tazama mdomo wake. Unaona? Anamwambia mwenzake kitu."

"Anamtukana," nikasema.

"Hapana. Anamwambia wakati umefika." Akausugua mguu wake. "Ansbert alikuwa akiniambia 'muramu'."

Muramu, kwetu Wahangaza, ni shemeji. Nikamgeukia.

Akanieleza akiwa anatazama kioo cha televisheni, hakunitazama mimi. Alisema tangu Jumapili ya kwanza walipokumbatiana, sikio lake lilikuwa kifuani kwa Ansbert, akasikia kifua kinalia. Hakikupona hata siku moja. Naye tangu siku hizo alikwishaamua kuniposa, na kwao Bernardo shemeji hadhalilishwi mbele za watu, tena na mama yangu yuko pale analia kwa furaha. Wakakubaliana. Pumzi ikianza kumwishia, Ansbert atasema "muramu", na Bernardo ataanguka. Ndiyo maana ilikuwa mifupi. Ndiyo maana ilikuwa mizunguko mitatu, minne.

"Siku ile aliniita mara mbili," Bernardo akasema. "Muramu, muramu. Nikajifanya sisikii. Nilidhani nikimlaza, atabaki nyumbani."

Nikaona kama nisiposema Jumamosi ile nitakufa nalo. Nikasema, "Baba Leonidas, yule aliyeanza kupiga kelele kwamba amejilegeza. Wa kwanza kabisa."

"Najua," akasema.

"Hujui. Ilikuwa—"

"Mama Leonidas, nimelala mgongo chini miaka mitatu nikisikiliza sauti hiyo. Unadhani naweza kuisahau?"

Nililia. Nililia kwa sauti hadi Deodata akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeungua. Bernardo akamwambia, "Ni mieleka tu, mwanangu. Mtu wake ameshindwa." Alipotoka nikamuuliza kwa nini alikubali lawama yote ile, kwa nini alimwacha mama amgeuzie uso miaka kumi na tisa wakati alijua ni nani.

Akafikiri. Yeye alikuwa akifikiri kweli kabla ya kusema. "Mama yako alikwishapoteza mtoto mmoja," akasema. "Wewe ndiye uliyebaki."

Kwenye televisheni yule mnene alikuwa amelala, mabega yote mawili, na mwamuzi anapiga sakafu kwa kiganja. Bernardo alimtazama hadi mwisho kama kawaida yake.

Alituacha mwaka uliofuata. Basi Deodata asinifundishe mimi kupatana. Nakaa hapa kila Jumamosi, sipigi kelele tena. Aliyeshinda ananyanyuliwa mkono, watu wake wanamshangilia, na mimi namtazama yule aliye chini hadi ainuke. Akiinuka, akijipangusa, nasema, "Marahaba." Nalisema kwa sauti, maana lingepaswa kusikika mlangoni kwa mama. Deodata huchungulia kutoka jikoni akaniuliza, "Mama, nani kakuamkia?"

Namwambia aendelee kupika.