Vidonge Vilivyomshinda Bonge

Jina la kuzaliwa la fundi makochi wa mtaa wetu lilishasahaulika. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bonge, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa na kilo mia moja sitini na mbili. Kila kochi alilolimaliza alilikalia mwenyewe kwanza mbele ya mteja. Lisipolia, mteja analichukua bila maswali. Lakini magoti yalianza kumgomea na sukari ikapanda. Siku alipochuchumaa kupigilia misumari chini ya kiti, akashindwa kuinuka mpaka jirani yake muuza vioo alipokuja kumshika kwapani, ndipo alipokubali alichoshauriwa na daktari kwa miaka miwili: apasuliwe, tumbo lipunguzwe.

Upasuaji ulikwenda salama, kilo zikaanza kumtoka. Kilichomshinda ni kitu ambacho hakukitegemea kabisa: kalsiamu. Daktari alimweleza kwamba tumbo lake jipya halitaweza kupata ya kutosha kutoka kwenye chakula, hivyo atameza vidonge maisha yake yote, la sivyo mifupa italika kidogo kidogo.

Vidonge vyenyewe vilikuwa vikubwa kama vifungo vya koti. Cha kwanza kilimkaa kifuani asubuhi nzima. Akanunua vya kutafuna; vikamjaa mdomoni kama vumbi la plasta, akatapika. Akajaribu vinavyochemka ndani ya maji, gesi ikamvimbisha hadi machozi yakamtoka. Baada ya hapo akawa anatia vile vya kutafuna mdomoni mke wake akimwona, kisha anakwenda kuvitema karakana, kwenye gunia la mabaki ya sponji.

Mama mkwe wake alikuwa akiishi nao tangu avunjike nyonga. Heshima baina yao ilizidi hata kiasi: walisalimiana, wakazungumza mvua na jua, basi. Siku moja alikwenda karakana kutafuta sponji ya kujazia mto wake. Akatia mkono ndani ya gunia, akatoka na kiganja cha vidonge vilivyotafunwa nusu. Bonge alibaki ameshika nyundo kama mtu aliyesahau nyundo ni ya nini.

Mama hakugomba. Aliketi kwenye kochi lisilovishwa kitambaa, akasimulia. Miaka minne iliyopita naye aliandikiwa kalsiamu, akawa anaitupa chooni kwa sababu ilimfunga tumbo, huku akimwambia binti yake kwamba anaimeza. Kisha akateleza jikoni, kuteleza kudogo tu, na nyonga ikakatika.

"Binti yangu hajui hilo mpaka leo," alisema. "Nakwambia wewe kwa sababu siku ile wewe ndiye uliyenibeba. Mimi sitaweza kukubeba, mwanangu, hata ukipungua namna gani."

Bonge alitaka kucheka, akajikuta anajifuta macho.

Kesho yake walikwenda pamoja duka la dawa, na mama ndiye aliyeshika mazungumzo. Mfamasia, dada mpole mwenye miwani, aliuliza upasuaji ulikuwa wa aina gani. Akaeleza kwamba kalsiamu aliyokuwa akinunua Bonge huhitaji asidi nyingi tumboni, na yeye ya kwake imebaki kidogo. Ipo nyingine, ya sitrati, isiyodai asidi hiyo. Aigawe mara tatu kwa siku, asiimeze yote kwa mkupuo. Tena aitenganishe kwa saa mbili na vidonge vya madini ya chuma alivyopewa hospitali, maana hizo mbili hazipikiki chungu kimoja.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Vidonge vya sitrati navyo vilikuwa vikubwa. Vya kutafuna vyenye ladha ya ndimu mama alivionja kwanza, akavirudisha kwenye pakiti akisema ni sabuni ya vyombo. Wiki ya tatu mfamasia aliwapatia unga usio na ladha. Mama aliukoroga ndani ya vijiko viwili vya mtindi. Bonge akameza, akasubiri mkono ukiwa kifuani. Dakika kumi zikapita. Hakuna kilichopanda.

Siku hiyo hiyo, mezani, alimweleza mke wake habari za gunia. La mama hakuligusa. Mama alilitoa mwenyewe kabla hajaulizwa. Mke aliwatazama wote wawili, akasema hajui amwadhibu nani kwanza, akaenda kuongeza mtindi.

Baada ya miezi sita vipimo vya damu vilitoka vizuri, na mizani ikasoma kilo mia moja na nne. Bonge hupenda kusema kwamba daktari alimkata, lakini mama mkwe ndiye aliyemshona. Shukrani yake nyingine aliifanya kwa mikono: kiti chenye kikalio cha juu, ili mama ainuke bila kuumiza nyonga, na mikono mipana ya kushikilia. Mama alikikalia, akapapasa kitambaa, akashukuru sana. Kisha akasema mgongo wa kiti umenyooka mno, kama wa askari gwarideni.

Bonge akachukua mkasi, akafumua mshono, akaanza upya.